Pipa Lisilo na Lebo

Jumatatu, 7 Aprili

Madam amesema tuandike kila kitu kwa daftari, na tarehe, na tusifute. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, lionekane bado, halafu unaendelea. Mimi nimenunua daftari moja tu, kwa hivyo mambo ya pipa na mambo ya mtoto wangu Ciku yatakaa pamoja humu.

Niandike vile ilianza. Pale kiwandani Ruiru tunatengeneza sabuni ya maji na dawa ya choo. Mimi, Idah, ni kibarua wa kupakia chupa. Kila asubuhi tunasimama getini na Bedan wa stoo anahesabu vichwa mpaka idadi yake itimie, na ukibaki nje ya hesabu unarudi Thika vile ulikuja. Sasa huko stoo kuna pipa la bluu limekaa tangu kabla sijafika. Lebo yake ilioza ikatoka. Hakuna anayekumbuka lilinunuliwa la nini.

Madam Ruqayya ndiye mkubwa wa labu. Alipeleka kidogo kutoka kwa hilo pipa Juja, kwa watu wanaopima, wakamrudishia karatasi ya mistari minne. Leo saa ya chakula alisimama mbele yetu, miwani juu ya kichwa, akasema msaidizi wake anaondoka na hataki kuletewa mtu wa nje.

"Jibu ninalo tayari," akasema. "Atakayeniambia hiki kitu ni nini, kimeungana vipi, na anionyeshe amejuaje, kazi ni yake. Ya mwezi, sio ya geti. Mwisho ni tarehe thelathini Mei."

Watu walicheka. Mtu mmoja nyuma akauliza kama anaweza kuonja. Mikono miwili ndiyo iliinuka: wa Dianah, ambaye amekaa hapo miaka mitano, na wangu. Wangu sijui nani aliuinua.

Jumanne, 8 Aprili

Nimenakili ile karatasi. Kaboni 48.6. Haidrojeni 8.1. Oksijeni 43.2. Hizo ni kwa kila mia. Uzito wa molekuli moja, 74.

Nimejumlisha mara tatu inakuja 99.9. Hiyo pointi moja imeenda wapi?

Mimi niliachia kidato cha pili, nikiwa na tumbo la Ciku. Kemia tulikuwa tumefika chumvi.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Njia ya hapa kwetu Kiandutu, Thika, imekuwa uji. Nilichelewa, sikuhesabiwa.

Jumanne, 15 Aprili

Madam anatupa dakika kumi kila Jumanne, mimi na Dianah, tukiwa tumesimama kwa mlango wa labu kama watu wanaoomba maji. Haingizi mtu ndani na viatu vya matope.

Leo amesema zile namba ni uzito tu, haziambii mtu ni vichembe vingapi. Kichembe cha kaboni kina uzito kumi na mbili, cha haidrojeni moja, cha oksijeni kumi na sita. "Gunia la mahindi na gunia la pamba," akasema. "Ukijua uzito wa gunia na uzito wa punje moja, unajua punje ni ngapi. Gawanyeni."

Dianah akaniuliza tukirudi kwa laini ya kupakia, "Umeelewa, Mama Ciku?"

Nikasema ndio.

"Mwongo wewe. Hata mimi sijaelewa."

Jumatano, 16 Aprili

Nimegawanya. Kaboni 4.05. Haidrojeni 8.1. Oksijeni 2.7. Halafu nikagawanya zote na ile ndogo, vile Madam alisema. Kaboni moja na nusu, haidrojeni tatu, oksijeni moja.

Moja na nusu? Kichembe ndicho mwisho wa kugawanya, sisi tulifundishwa hivyo. Ni kama mtu aseme ana mtoto mmoja na nusu. Nimeifanya iwe mbili.

~~C mbili, H tatu, O moja.~~

Uzito wake unakuja 43. Karatasi inasema 74. Ukizidisha mara mbili haufiki hapo, unapita, unakuwa 86. Nimelala juu ya daftari, Ciku akaniamsha kwa kunivuta sikio.

Jumanne, 22 Aprili

Mama Ajwang, jirani ambaye hunilindia Ciku, alinikuta bado nimeng'ang'ana na hiyo moja na nusu. Yeye huuza kachumbari na mayai hapo kwa kona na hajui kemia hata ya dawa. Akaniuliza shida ni nini. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Kwani hiyo ni shida? Mtu akitaka yai moja na nusu mimi humwambia alete rafiki. Wawili wanachukua matatu."

Nimeketi pale na sufuria mkononi kama nimepigwa. Zidisha zote mara mbili. Kaboni tatu, haidrojeni sita, oksijeni mbili. Thelathini na sita, na sita, na thelathini na mbili. Sabini na nne.

Nimeijumlisha tena na tena kwa raha tu.

Jumatano, 23 Aprili

Nilimpelekea Madam. Hakutabasamu. Akasema, "Sawa. Hiyo ni orodha ya vitu vya kujenga. Sijauliza orodha. Nimeuliza nyumba."

Nilidhani nimemaliza.

Jumanne, 29 Aprili

Leo ndio nimeelewa anachomaanisha, ama nadhani nimeelewa. Kaboni ina mikono minne, oksijeni miwili, haidrojeni mmoja. Hakuna mkono unaruhusiwa kubaki wazi. Sasa ukiwa na kaboni tatu, haidrojeni sita na oksijeni mbili, wanaweza kushikana kwa njia nyingi, na kila njia ni kitu kingine kabisa, harufu nyingine, tabia nyingine, hata kama ukipima vyote uzito ni ule ule.

Nilikuja na vifuniko vya chupa vilivyoharibika. Vyeusi ni kaboni, vyekundu oksijeni, vyeupe haidrojeni. Nimetoboa na msumari, nikaunganisha na vijiti vya meno. Nimepata nyumba tatu ambazo Madam amesema tuzifikirie, hizo zingine tuache. Ya kwanza ni asidi: oksijeni zote mbili zimekaa mwisho, moja imeshika haidrojeni. Ya pili na ya tatu, oksijeni moja imekaa katikati kama daraja, kaboni ziko huku na huku. Tofauti yao ni daraja limewekwa wapi: upande wenye oksijeni ya pili, ule wa asidi, una kaboni moja na ng'ambo mbili, ama una mbili na ng'ambo moja.

Ciku amekalia oksijeni. Nimetafuta nusu saa.

Jumatano, 7 Mei

Ciku amehara tangu jana. Nilimpeleka kliniki kwanza, nikafika getini saa nne, nikijua nimepoteza siku. Bedan akanifungulia. Ati Dianah alimwambia niko chooni, nihesabiwe. Masaa matatu chooni, na Bedan akaandika.

Mimi nilikuwa namchukia huyu mwanamke mwaka mzima. Alinisukuma kwa laini siku yangu ya kwanza, akaniita mtoto wa shule. Sijui sasa nimweke wapi.

Alhamisi, 8 Mei

Ciku amekula uji. Mungu ni mwema.

Jumanne, 13 Mei

Madam ametupa kichupa kidogo kila mmoja, kimefungwa vizuri, kutoka kwa pipa. Hairuhusiwi kwenda nacho nyumbani. Tunajaribia kwa meza ya nje karibu na tangi, na hakuna moto hapo. Tusiinamie kunusa, tupepee na mkono. Nimepepea. Harufu tamu, kali, kama yale maji ya kutoa rangi ya kucha.

Wiki jana alikuwa amesema jaribio la kwanza ni baikabonati. Asidi ikikutana nayo inatoa povu. Isipotoa, hamna asidi. "Mlete ya kwenu, ya labu imeisha. Kila jikoni iko."

Mimi Jumapili huuza mandazi, kwa hivyo nilikuwa nayo, ile pauda ya mandazi, nimeifunga kwa karatasi kutoka nyumbani. Dianah alikuwa amesahau yake. Nikamgawia nusu.

Tukamimina kidogo cha kichupa kwa kikombe, tukaongeza maji kidogo, tukanyunyiza pauda. Ikachemka. Povu jeupe mpaka kwa mdomo. Dianah alinishika mkono, tukasimama tunaangalia kama watu wanaoangalia harusi.

Asidi. Nyumba ya kwanza.

Jumatano, 14 Mei

Dianah ameandika jibu na kulipeleka kwa Madam leo leo, na daftari lake jipya, alilonakili upya kwa kalamu ya bluu. Hajaniambia anaenda. Niliona tu akitoka ofisini anapangusa mikono kwa aproni.

Nilimuuliza. Akasema, "Mama Ciku, hii sio ushirika. Mimi miaka mitano nimebeba makatoni mpaka mgongo unaongea. Wewe uko na muda."

Pauda ilikuwa yangu. Lakini macho ni yake pia, aliona na macho yake. Nimekasirika halafu sijui nimekasirikia nini.

Mimi sikupeleka. Kuna kitu kinanisumbua. Ile harufu. Asidi ninazojua zinachoma pua, hii ni tamu.

Ijumaa, 16 Mei

Madam amepata zile karatasi za rangi. Ya bluu ikikutana na asidi inakuwa nyekundu. Nimedondosha. Imebaki bluu. Nimelowesha na maji kwanza, nikadondosha tena. Bluu.

Povu linasema asidi. Karatasi inasema hapana. Kitu kimoja, kichupa kimoja.

Nilimuuliza Madam ni gani inadanganya. Akasema, "Vitu havidanganyi. Watu ndio hufanya haraka." Akarudi ndani. Huyu mama akikusaidia unatoka umechanganyikiwa kuliko ulivyoingia.

Dianah amesema karatasi zilipata unyevu, mvua hii yote.

Jumapili, 18 Mei

Nimekanda unga saa kumi na moja asubuhi kama kila Jumapili. Hakukuwa na maziwa, hakukuwa na ndimu. Unga, sukari, chumvi, pauda, maji. Nikafunika.

Nilipofunua umeinuka kama kawaida na vile vitundu vyake.

Nikauangalia ule unga kwa muda. Ni nini kiliuinua? Povu. Na asidi iko wapi hapa? Hakuna. Ni maji tu.

Nilichukua kikombe, nikaweka pauda, nikaweka maji ya mtungi. Ikachemka, povu jeupe mpaka juu, ile ile, na hakuna hata tone la pipa.

Nikaenda dukani na kikombe mkononi. Mwenye duka, Njau, akanionyesha kopo mbili. Beking pauda, hiyo imechanganywa kila kitu ndani, asidi yake imo tayari, inangoja maji tu. Baikabonati ni ile nyingine, ile ya watu wa kiungulia. Mimi miaka yote nilijua ni kitu kimoja, rangi moja, kazi moja.

Kwa hivyo Jumanne tulikuwa tunaangalia harusi ya pauda na maji.

Mandazi yameungua. Mama Ajwang ameyanunua hivyo hivyo.

Halafu nimekaa nikafikiria. Dianah ameshapeleka asidi. Nikinyamaza, hiyo kazi ni yangu. Hakuna mtu mwingine. Sio mimi niliyemtuma akimbie. Nilitaka kuchana ukurasa wa tarehe kumi na tatu, ule ambao nimeandika nilimgawia pauda. Nilishika kona yake. Madam amesema tusifute, lakini kuchana hakusema.

Nimepiga mstari mmoja.

~~Asidi. Nyumba ya kwanza.~~

Jumatatu, 19 Mei

Nimemwambia. Nilimngoja kwa bomba tukiosha mikono, nikamwambia yote, kopo mbili, kikombe, unga. Nikasema bado kuna siku kumi na moja, akitaka nitamletea ile ya ukweli tujaribu tena pamoja.

Alinisikiliza mpaka mwisho akikausha kidole kimoja kimoja.

"Umemaliza?"

"Ndio."

"Wewe unafikiri mimi ni mjinga. Nimefika kwanza, sasa unataka nirudi ofisini niseme nilikosea, halafu wewe uingie nyuma yangu na asidi mkononi."

"Dianah, si asidi."

"Na karatasi yenu ya rangi si asidi, na unga si asidi. Mi niliona povu. Huo ujanja uupeleke huko kwenu Kiandutu."

Wasichana wa laini walicheka. Nimelia kidogo nyuma ya tangi, sio kwa sababu ya kutukanwa. Kwa sababu sehemu yangu moja ilifurahi amekataa.

Jumatano, 21 Mei

Baikabonati ya ukweli. Hakuna povu hata moja. Nimejaribu tena na siki kando ili nijue baikabonati inafanya kazi: povu. Na pipa: kimya.

Si asidi. Ni daraja. Lakini daraja lipi?

Jumatatu, 26 Mei

Leo Madam aliniingiza labu. Alinitolea viatu vyake vya ziada, vikubwa, nikatembea kama bata.

Nilimwambia nataka kuvunja daraja. Akaniuliza na nini. Nikasema kostiki, kwa sababu hapa kiwandani tunaona kila siku kostiki ikivunja mafuta yakawa sabuni, na mafuta Madam alituambia ni madaraja pia. Akaenda kuleta kostiki. Hakuwasha moto. Kitu hiki kinashika moto upesi, akasema, tutatumia maji ya moto kwa beseni, na glavu, na dirisha wazi.

Mwanzoni vilikaa viwili, kimoja juu ya kingine kama mafuta na maji. Tukatikisa polepole, tukapasha, tukangoja. Nje mvua ilikuwa imekatika. Baada ya muda nikaona mstari wa katikati umepotea. Nikapepea. Ile harufu tamu haiko.

"Imeenda wapi?" nikauliza.

"Wewe ndio uniambie."

Kisha akadondosha asidi ya labu, tone kwa tone, akaniambia nipepee tena. Nilijua kabla mkono haujashuka. Siki. Ile ile ya vibanda vya chipsi pale Thika karibu na stendi.

Nikasimama nikahesabu kwa vidole. Siki ni kaboni mbili, hiyo iko kwa kitabu cha kemia. Zilikuwa tatu. Ng'ambo ya daraja imebaki moja. Kwa hivyo nyumba ni ya tatu. Ile nyingine, upande wa asidi ungekuwa na kaboni moja, na hiyo haiwezi kuwa siki.

Madam aliandika jina kwa ubao: methili ethanoeti. Alisema nisizoee kukinusa hicho kitu, ile kaboni iliyobaki ng'ambo ikiwa peke yake ni spiriti inayoua watu macho. Halafu akasema, "Andika yote. Hata ya mandazi."

Ijumaa, 30 Mei

Nimepeleka daftari lote. Nilikumbuka nikiwa mlangoni kwamba kuhara kwa Ciku kumo, na vile nilimwita Madam huyu mama. Madam alikuwa ameshalishika.

Jumanne, 3 Juni

Jana ilikuwa sikukuu. Baridi imeanza, Ciku amevaa soksi mikononi.

Madam alituita sisi wawili saa nne. Madaftari yalikuwa mezani. La Dianah ni safi, halina mstari hata mmoja wa kukata. Langu lina mafuta.

"Dianah," Madam akasema, "povu uliliona?"

"Niliona."

"Sikatai. Pauda ilikuwa ya nani?"

Nikasema ni yangu, nilimgawia mimi, angeleta yake pengine angepata sawa. Nilikuwa nasema haraka haraka.

"Na ulipojua ni pauda mbaya, ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

Hapo nilimwangalia Dianah. Alikuwa anaangalia viatu vyake, vile vya kampuni vilivyopasuka mbele, na shingo yake imeinama kama mtu anayebeba katoni. Miaka mitano. Na siku ile ya kliniki alinihesabisha.

"Hakunisikia vizuri," nikasema. "Tulikuwa karibu na laini. Mashine zilikuwa na kelele."

Madam alifungua daftari langu. Niliona amefika tarehe kumi na tisa Mei. Alisoma, mdomo wake unasogea kidogo. Pale nimeandika bomba, na vidole, na kila neno. Nilisikia masikio yangu yakiwaka. Siku ya kwanza ya kuomba kazi ya kusema ukweli, na nimedanganya mbele ya maandishi yangu mwenyewe.

Akafunga.

"Mashine za laini kweli zina kelele," akasema. "Idah, utaanza kesho. Miezi mitatu ya kujaribiwa. Dianah, nimemwambia Bedan jina lako liingie kwa orodha ya kudumu ya kupakia, usisimame geti tena. Hiyo haihusiani na pipa. Ilifaa kufanywa zamani."

Tulitoka pamoja. Mimi nilitaka kusema pole, halafu nikaona pole itakuwa kama kucheka.

Jumatano, 4 Juni

Koti jeupe, mikono mirefu imepita vidole. Kazi ya kwanza: kuosha chupa arobaini. Ya pili: kuandika lebo ya pipa. Niliandika mara mbili.

Mama Ajwang ameuliza kama sasa nitaweza kumwambia kwa nini mayai yake mengine yanaoza. Nimesema nitaangalia.

Alhamisi, 5 Juni

Leo nilitumwa kwa laini kuchukua chupa tatu za kupimwa. Mara ya kwanza kupita hapo na koti. Wasichana walinyamaza mmoja baada ya mwingine, mashine tu ndizo zilikuwa zinaongea. Dianah alikuwa mwisho, anabandika katoni. Alichagua chupa tatu mwenyewe, akazipangusa moja moja na aproni, akanipa kwa mikono yote miwili.

"Chukua, Madam," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka stoo.

Nilimwangalia usoni. Alikuwa amekaza mdomo, sijui anazuia kicheko ama ni kitu kingine. Nyuma yake mtu alikohoa. Kama ananidharau, sijajua. Kama ananipa heshima, sijajua pia, na hakuna karatasi ya rangi ya kupima hiyo.

Nikaitika. Nikapokea chupa.

Nimeiandika hivyo hivyo bila kukata.